Pengo Juu ya Waraka wa Nguchiro

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata babu yake Kobe alizisimuliwa tu, wanyama wa mbuga walikuwa na nyumba, vyungu, na baraza la kupitisha mambo yao. Kaeni vizuri, wanangu, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzio.

Huko aliishi Nguchiro. Mdogo, mwepesi, ila mdomo wake, Mola amsamehe, ulikuwa mkubwa kuliko wa Kiboko. Mwenyewe alilijua hilo. Kila alfajiri aliomba, "Ee Mungu, uchunge ulimi wangu," na kabla uji haujaiva ulimi ulikuwa umeshatoroka.

Mwaka ule mkewe alikuwa amejifungua watoto wanne ndani ya kichuguu, macho yao hayajafumbuka. Na kiangazi kilikuwa kimeingia. Nyasi ukizigusa, kachu! zinavunjika.

"Baba watoto," mkewe akasema huku akikoroga uji, "mwaka jana moto ulipokuja, Kwale alipiga kelele, sisi tukadhani anagombana na mumewe. Tulitoka mikia inaungua! Sasa hawa wanne nitawatoaje? Mdomo wangu unabeba mmoja mmoja."

Ndiyo shida yenyewe. Kila mnyama alikuwa na kelele yake ya moto, wala hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Nguchiro akaandika waraka juu ya gome la mti: mlio wa moto uwe mmoja kwa wote, mfupi mara tatu, mrefu mara moja. Pu! Pu! Pu! Puuuu! Kila mnyama ana ruhusa ya kuunakili bure na kuufundisha, na akiona kosa aseme, lirekebishwe.

Lakini wenzake walikataa kuutumia mpaka baraza liupitishe. Na baraza lilikuwa na desturi yake. Waraka hukaa mbele ya wajumbe siku tatu. Anayepinga hutaja kifungu, nao hurudi kuandikwa upya. Jua la siku ya tatu likizama bila kifungu kutajwa, umepita.

Toleo la kwanza, Nyati alipinga. "Kwa nini mara tatu? Mimi nina miguu minne!"

Toleo la pili akapinga Kiboko, mwenyekiti. "Kifungu cha pili hakisemi aliye chini ya maji aliaje."

"Mheshimiwa, aliye chini ya maji haungui!"

"Hiyo ni dharau. Rudisha!"

Nguchiro akarudi nyumbani kichwa chini. Akawaza: kumbe wakubwa hawa hawawezi kupita penye kitu bila kukikanyaga. Basi niwape pa kukanyaga.

Toleo la tatu hakubadili hata neno. Ila juu kabisa aliandika "Mlio wa", kisha akaacha pengo.

"Jina liko wapi?" mkewe akauliza.

"Nimewaachia wakubwa."

"Wee! Una hila."

"Mungu anaona, mama. Sijasema uongo. Nimenyamaza tu."

"Wewe? Kunyamaza?" Akacheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Kweli, waraka ulipowekwa tu, vurugu! "Mlio wa Nyati!" "Mlio wa Kiboko, mwenyekiti ni nani hapa?" "Mlio wa Twiga, mimi ndiye nitakayeona moshi kwanza!" Siku ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Nguchiro alikaa pembeni, anajing'ata kidole asicheke.

Siku ya tatu jua likielekea kuzama, koo zote zimekauka. Twiga akasema kwa uchovu, "Jamani, si tuupe jina la aliyeuandika? Mlio wa Nguchiro."

Loo! Moyo wa Nguchiro ukafura kama andazi. Angesema "ahsanteni" tu, mambo yangekwisha. Lakini wapi!

"Naam, ndilo jina lenyewe! Tena mnajua nilivyowaweza? Nimewaachia pengo mgombane, na siku tatu nzima hakuna aliyesoma hata kifungu kimoja! Ha ha ha!"

Nguchiro akajiziba mdomo kwa mikono miwili, ila maneno yalikuwa yameshafika.

Kiboko akainuka, tope linamdondoka. "Kijinyama wewe, umetuchezea! Napinga!"

"Kifungu gani?" Twiga akauliza.

"Vyote!"

"Desturi ni kutaja, Mwenyekiti."

"Huo waraka uko wapi?"

Wakautafuta. Nyati akasimama, na chini yake, ehe! Alikuwa ameukalia tangu juzi. Umekuwa unga.

"Basi usome kwa kichwa, wewe uliyeuandika!"

Nguchiro akatazama jua. Limebaki kipande cha ukucha. Akatazama upande wa kichuguu waliko wanawe. Mola wangu, akaomba kimoyomoyo, ulimi huu ulioharibu mambo leo, upe kazi ya halali.

"Nianze na dua," akasema. Akaombea mito. Akaombea malisho. Akaombea meno ya Kiboko, jino moja moja.

"Amina, basi! Soma!"

"Kifungu... cha... kwanza. Mnyama yeyote. Nikisema yeyote, wazee wangu, awe na pembe, asiwe na pembe, au zinamwota..."

Jua, tubwi! Likazama.

"Umepita," Twiga akasema.

Kiboko akakoroma kwa hasira. "Umepita. Lakini jina tunatoa sisi. Uitwe Mlio wa Mpayukaji!"

Baraza zima kwa kwa kwa! Nguchiro akafungua mdomo ajibu. Akaufunga.

Siku ya tisa, mchana kweupe, moshi ukapanda. Pu! Pu! Pu! Puuuu! Twiga huyo. Kwale akaudaka, na Kiboko mwenyewe akaupuliza kutoka bwawani. Mkewe Nguchiro akatupa mchi, akaingia kichuguuni. Akatoka na wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Nguchiro akamchomoa wa nne, wakafika ng'ambo ya bwawa bila hata sharubu kuungua.

Jioni Nyati akapita. "Hujambo, Mpayukaji?"

"Sijambo, mzee," Nguchiro akajibu, akimpangusa masizi yule wa nne. "Ndimi mwenyewe."

Hapo nimeutua mzigo wangu, wanangu, na ndani yake mna neno moja: ukitaka kazi yako iwaokoe wengi, usiigombanie jina.