Mkia wa Foko na Mguu wa Kilua

Mkia ukiinuka, punguza mzigo. Methali hii, wajukuu zangu, haikutoka kwa wahenga wa zamani za kale. Ilianza hivi, na mimi nilikuwapo, sindano ya kushonea magunia mkononi. Chambega, tangu msimamizi wako alipoitamka huko ghalani ulikoanza kazi, hunipi nafasi, unauliza tu ilitoka wapi. Haya, kaa. Na wewe Riziki, weka hiyo simu chini.

Wakati huo Tanga yote ilinuka mkonge. King'ora kikilia asubuhi, barabara inajaa watu, wanawake tumejifunga kanga viunoni, tunataniana mpaka getini. Mwee, siku zile! Ningepewa moja tu niirudie, ningeichukua na miguu hii hii inayouma. Kazi yangu katika ghala la mkonge ilikuwa kukusanya nyuzi zilizomwagika na kuzishonea kwenye magunia. Babu yenu Kilua, Mungu amrehemu, alikuwa mpakiaji katika ghala hilo hilo. Pande la mtu, na kicheko chake kinatikisa mabati. Posa yake ilikuwa imeshapokelewa kwetu, harusi tukaipanga baada ya Idi.

Ghala lilikuwa na foko moja, lile gari lenye uma mbele wa kunyanyulia mizigo na chuma kizito nyuma cha kulizuia lisipinduke. Dereva wake aliitwa Mhando. Alikuwa hodari, lakini sifa zilimpanda kichwani. Foko ile ilitengenezwa ibebe marobota mawili ya mkonge. Yeye alitia matatu. Ikizidiwa, magurudumu ya nyuma yanaachia sakafu, mkia unabaki juu. Mtu mwenye akili zake angeshusha robota moja. Sisi je? Tulipiga kelele, "Jiwe! Jiwe!" Hapo Kilua anaacha alichoshika, anapanda na kukaa kwenye mkia, anaukandamiza kwa uzito wake. Foko inatua, Mhando anaondoka, ghala zima linashangilia. Hayo ndiyo yalikuwa mazoea yetu, nami nilimwonea fahari mchumba wangu, kwamba bila yeye kazi haiendi.

Siku moja mvua ilikuwa imenyesha, malori yanasubiri mlangoni, na Mhando akatia marobota manne. Mkia ukaruka juu hata kabla hajaondoka.

"Jiwe!" akaita.

Kilua akapanda. Mkia ukashuka nusu, ukabaki unachezacheza.

"Mhando, leo umezidisha," akasema. "Shusha moja."

"Aa, nawe! Unaogopa nini, bwana harusi? Ita mwenzio mkae wawili."

Watu wakaangua kicheko. Kilua akanitazama, akacheka na yeye. Mwanamume akitazamwa na mchumba wake, kushuka hawezi. Mpakiaji mwingine akapanda kando yake, foko ikaondoka.

Pale kwenye mteremko wa mlangoni sakafu ilikuwa imelowa. Mhando akakanyaga breki. Mkia ukanyanyuka, yule mwenzake akaruka pembeni, Kilua akateleza na kuanguka chini. Marobota yakaporomoka mbele, na uma ulipobaki mtupu, mkia ukarudi kwa kishindo juu ya mguu wake. Kelele aliyopiga siwasimulii.

Kesho yake nilimkuta hospitali, mguu umefungwa mpaka pajani. Nyumbani baba alikuwa ameshasema posa irudishwe, eti hamwozeshi binti yake mtu asiyeweza kusimama. Macho yangu yalikuwa yamevimba kwa kulia. Mhando alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Foko imetuponza."

"Haikutuponza," Kilua akajibu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Ilipoinua mkia ilikuwa inatuambia imezidiwa. Sisi tukaikalia. Mhando, mkia ukiinuka, punguza mzigo. Usiongeze mtu."

Tangu hapo Mhando hakuwasha foko kabla hajayasema maneno hayo mbele ya wapakiaji wote. Wapakiaji wakayapeleka majumbani. Mtu akijitwika shughuli zisizo na idadi, kisha akaanza kuwaita ndugu waje wambebe, anaambiwa, mkia huo umeinuka, baba, punguza. Mji mzima ukayazoea, yakawa methali.

Na mimi nilimwambia baba, ng'o, posa hairudi! Harusi ilichelewa, lakini ilifika, na babu yenu alisimama kwa kuegemea bega langu. Mnaukumbuka mwendo wake. Ule mguu niliuchua kwa mafuta ya nazi kila msimu wa baridi, hata tukazeeka, na mpaka leo baridi ikiingia mkono wangu unautafuta kitandani.

Unanong'ona nini, Chambega? Sema kwa sauti, masikio yangu yamechoka. Eti nini? Msimamizi aliwafokea kwa sababu wenzako walikuita ukae kwenye mkia wa foko, na wewe ukakaa?

Alaa! Mjukuu wangu mimi! Na mama yako anajua?

Usilie, sikugombezi. Sogea hapa nikushike huo mguu. Eeh, mzima, Mungu ni mwema. Kesho wakikuita tena, waambie bibi yako ameuguza mguu mmoja maisha yake yote, wa pili hauwezi. Wakikucheka, waache wacheke. Mkia ukiinuka, mwanangu, punguza mzigo.