Dari ya Pango la Bi Kaa

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Mwenye karanga mdomoni ameze kwanza. Hii inataka kimya.

Hapo zamani za kale, bahari ilipokuwa ndiyo kwanza inaota meno, Bi Kaa alikaa na wanawe katika pango, chini ya rasi ya mawe iliyochongoka kuingia majini. Kila wimbi lilimega kidogo, kwaru, kwaru. Asubuhi moja akaona mwanga kwenye ukuta wa nyuma. Lo! Bahari imetoboa mwamba upande huu hadi ule. Pango limekuwa lango, na dari imebaki nyembamba.

"Hapa si pa kulea tena," akawaza.

Kabla hajahama, Nyati huyo, du, du, du!

"We bibi, toka! Pango nalitaka mimi, na rasi yote hadi nchani. Nitakayemkuta, namkanyaga."

Bi Kaa akaitazama ncha ya rasi. Nyati akishika na ncha, wanawe atawaficha wapi? Akajikaza.

"Haya, bwana mkubwa. Ila utahamia bila kupiga dari?"

"Kupiga dari ndiyo nini?"

"Ee! Mjini wakishamwaga chokaa juu ya paa la nyumba, si hupanda juu na virungu, wakaiponda kwa nyimbo mpaka ishike? Usipopiga, watasema Nyati kahamia shimoni kama popo."

"Popo? Mimi? Na virungu vya nini, nina kwato!"

"Ndiyo maana nakuogopa, baba. Ngoja nitoe vyangu."

Akawabeba wanawe, akawatia kwenye nyufa za ncha ya rasi, ng'ambo ya lango. Kisha akaimba kutoka huko huko:

"Piga, fundi, piga!"

Nyati juu ya dari. Pu! Pu!

"Aa, hiyo ya kitoto, bwana!"

"Ya kitoto? Shika hii!" Akaruka, akatua kwa miguu yote minne.

Krrr... gubuu! Dari ikaporomoka, na Nyati naye, chubwi!

Akaogelea hadi ufukoni, anachechemea, maji yanamtoka puani. Kugeuka, ncha ya rasi imesimama peke yake baharini kama nguzo. Njia ya kuifikia hakuna.

"Bibi! Dari yangu iko wapi?"

"Bahari ilishaila zamani, baba. Wewe umemalizia tu."

Basi, wajukuu zangu, kabla hamjakanyaga kwa nguvu, muulizeni anayeishi chini.

Nyati akarithi vichaka vya bara. Shakwe, ndege wa baharini, wakarithi kilele cha nguzo, wana wa Kaa wakarithi nyufa zake. Na bahari? Hiyo ingali inatafuna, taratibu. Yote itayarithi yenyewe.