Jina la Mtoto wa Aikande

Hapo zamani, enzi ambazo kompyuta ya hospitali ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, Elinihaki alisimama mlangoni mwa chumba cha kumbukumbu, shati lake limelowa damu ya mkewe.

Aikande alikuwa amejifungua binti, na damu haikatiki. Kundi lake la damu lilikuwa O hasi, na jokofu la hospitali halikuwa na chupa hata moja ya aina hiyo. Barabara ya mjini imezibwa na maporomoko. Ilibidi apatikane mchangiaji wa huko huko milimani, na majina ya wachangiaji yalikuwa ndani ya kompyuta ya Tumsifu, karani.

Sasa sikilizeni kosa. Karani wa kabla yake, Mama Nakiete, alizoea madaftari: Januari ikifika, daftari jipya. Kompyuta ilipoletwa, akaendelea vivyo hivyo: Januari ikifika, jedwali jipya. Miaka kumi na minne, majedwali kumi na manne, kwa nje yanafanana kama mapacha.

Tumsifu akafungua la kwanza. Hakuna. Akafungua la pili. Hakuna. La tatu, hakuna. Mashine inajikokota, na Elinihaki roho iko mkononi.

"Dada yangu, fanya hima!"

"Kaka, mlango kwa mlango tutachelewa. Ngoja niyaulize yote kwa mkupuo."

Akaandika swali moja la kuyapitia majedwali yote. Yakaja majina mawili. Wa kwanza alishafariki. Wa pili alishahamia mbali.

Elinihaki akakaa sakafuni, akalia mbele ya watu.

Tumsifu akampigia simu Mama Nakiete, aliyekwisha kustaafu. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Alipoelezwa, akasema: "Jedwali la mwaka wa nane nililipanga kivingine. Jina la kijiji limekaa mahali pa kundi la damu. Swali lako limekuta kijiji, likapita. Panga safu upya, uulize tena."

Akauliza tena. Likatoka jina moja: Ndeshi, wa kijiji cha juu, na namba yake ya simu.

Ndeshi alipokea simu jeneza la mama yake likitolewa nyumbani. Akasikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia kaka yake: "Mzikeni. Mimi nashuka." Akashuka mlima kwa miguu, matope mpaka magotini, akafika, akanyoosha mkono.

Aikande akapona. Lakini daktari hakuficha: muda uliopotea kwenye majedwali ndio uliogharimu kizazi chake. Hatazaa tena.

Na ukoo wa Elinihaki una desturi: mama akiokolewa katika uzazi, mtoto hupewa jina la mwokozi. Siku ya kumtoa mtoto nje, wanawake watatu wakaketi mbele ya Elinihaki. Jina ni moja, na mtoto mwingine wa kupewa jina la pili hatakuja.

Mama Nakiete akasema, "Kosa langu nalijua, na linaniuma. Lakini miaka kumi na minne niliandika kila mchangiaji, wenzangu wakinicheka, nani atakuja kusoma? Nisingeandika, mngetafuta nini? Nami sikujaliwa mtoto wa kuniendelezea jina."

Tumsifu akasema, "Majina yaliyolala hayamwokoi mtu. Mimi niliyaamsha. Kweli, miaka mitatu nilijua yanafaa kuunganishwa, nikawa nasema kesho, kesho. Siku ile sikusema kesho."

Ndeshi alikuwa wa mwisho. "Jina langu silitaki. Mpeni la mama yangu, Kanankira. Watu wote walimtupia udongo, mimi mwanawe sikumtupia. Damu ilikuwa yangu, lakini yeye ndiye aliyenisubiri bure."

Elinihaki akamtazama mmoja, akaona ni kweli. Akamtazama wa pili, akaona ni kweli. Akamtazama wa tatu, machozi yakamtoka.

"Baba," Aikande akamwambia taratibu, "mtoto wetu ndiye huyu, hatuna mwingine. Mwite."

Elinihaki akampakata binti yake, akainamia sikio lake, akafungua kinywa.

Nanyi mnaonitazama, msinikimbie kwa kusema wote: sikio la mtoto linangoja jina moja. Aliyeandika, aliyetafuta, na aliyeacha kuzika. Je, nani alistahili?