Mstari kwenye Ukuta wa Ndiva

Sogeeni, wanangu, mkae vizuri. Hadithi hii nitaianza mimi. Kuimaliza ni kazi yenu.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare aliishi mpiga picha aitwaye Bi Namkunda. Alikuwa na kamera moja na wanafunzi watatu. Nakijwa alikuwa na jicho la mwanga: alijua jua likiwa upande gani uso hung'aa, na likiwa upande gani huharibika. Kajiru alikuwa na subira. Ukimwambia asimame hapa, kesho utamkuta papo hapo. Eliapenda hakuridhika na picha ya mbali. Lazima asogee mpaka aone vinyweleo.

"Atakayenipa picha bora masika haya, kamera ni yake," Bi Namkunda aliwaambia. "Macho yangu yananiaga."

Alikuwa na desturi moja iliyowachosha wote: anayeanza hupiga picha kitu kimoja tu, kila siku, mpaka akijue. Safari hii aliwapa ukuta wa ndiva, lile bwawa la mawe na udongo lililo mlimani juu ya nyumba za kijiji, ambalo hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba.

"Ukuta, Mwalimu?" Eliapenda aliguna. "Si bora hata mbuzi? Mbuzi angalau anatafuna."

"Ukiuweza ukuta, mbuzi hatakushinda."

Kajiru alichagua jiwe moja, akawa anasimama juu yake kila asubuhi na kuupiga ukuta picha. Siku moja Bi Namkunda alizipanga picha zake mezani, akaona mstari mwembamba kama unywele ukishuka ukutani. Katika picha za mwanzo haukuwapo. Moyo ulimshtuka, kisha akajicheka. "Lenzi imechafuka. Ifuteni."

Wakaifuta. Kesho yake mstari ulikuwa umerefuka.

Nakijwa aliichukua kamera, akangoja jua lichomoze na kuumulika ukuta kwa ubavu, akapiga picha. Mchana ukuta ulionekana laini. Kwa mwanga ule, mstari ulikuwa na giza ndani yake.

"Mwalimu," alisema polepole, "uchafu wa lenzi hauna kivuli. Huu ni ufa."

Bi Namkunda akazipeleka picha kwa Mzee Mchomvu, msimamizi wa ndiva. Mzee akacheka. "Mama, si wewe uliyesema macho yamekwisha? Ukuta huo tumeukuta na tutauacha."

Kutoka chini ya ukuta Bi Namkunda aliwasikia watoto wakicheza.

Eliapenda alikwisha kuondoka na kamera. Aliinama chini ya ukuta, akasogea hadi lenzi ikakaribia kugusa mawe. Picha yake ilionyesha maji yakichuruzika ufani, mekundu kwa udongo.

Mzee Mchomvu aliitazama, kicheko kikamkauka. "Yangekuwa maji safi ningenyamaza. Haya yanaula ukuta kwa ndani. Toeni watu!"

Walijaribu kuifungua ndiva, lakini mlango wake ulikuwa umezibwa na tope. Watu wakapanda kilimani na magodoro, kuku na wagonjwa. Jioni ukasikika mguno mrefu, kama mnyama anayegeuka usingizini. Ukuta ukabomoka, nyumba za chini zikaenda na maji. Hakufa mtu.

Sasa kamera iko mezani, na wanafunzi wameizunguka.

"Bila picha zangu za mwanzo, nani angejua mstari ni mpya?" alisema Kajiru.

"Na mlikuwa mkiufuta kwa kitambaa!" Nakijwa akamjibu. "Nani aliwaambia ni ufa?"

"Zenu zilichekwa," akasema Eliapenda. "Yangu ndiyo iliyohamisha watu."

Mara mlangoni akasimama mjumbe wa kijiji cha juu, amelowa chapachapa. "Shikamoo, Mama. Ndiva yetu nayo imeanza kutoa sauti. Tupe mwenye kamera, twende naye sasa hivi."

Bi Namkunda ameishika kamera kwa mikono miwili. Anamtazama huyu, anamtazama yule, na nje mvua inazidi.

Haya, wanangu. Kamera ni moja, na aliyeistahili ni mmoja. Je, ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani?