Jina Moja Chini ya Mto

Hapo zamani, Roma ilipotawala hata milima isiyoijua kwa majina, palikuwa na mji mdogo uitwao Tarmena. Ulikuwa na mto, baraza la madiwani, na jirani asiyependwa, mji wa Kadusa.

Liwali wa Roma aliiruhusu Tarmena igonge sarafu zake za shaba: upande mmoja uso wa Kaisari, upande wa pili mungu wa mto wao. Lakini zisipokuwa sokoni siku ya sikukuu ya mto, ruhusa ingehamia Kadusa.

Ruhusa hiyo aliileta Mzee Menofilo, tajiri, aliyekaa mlangoni kwa liwali hadi walinzi wakaanza kumtuma maji. Aliporudi, shaba ya kugongea haikuwapo mjini. Akaitazama sanamu yake mwenyewe pale sokoni, shaba tupu, akawaita mafundi.

"Yeyusheni. Ila anzeni na miguu, uso nisiuone ukienda."

Kuchonga mihuri ya kugongea akapewa Tatia, fundi binti wa fundi. Naye hakuwahi kumwona Kaisari.

"Anafananaje?" akauliza barazani.

Karani akausoma waraka wa Roma, juu hadi chini. "Ana ndevu."

"Basi?"

"Basi."

Tatia akaenda akachonga uso wa mtu ambaye yeye mwenyewe angekubali kutawaliwa naye. Papia mhunzi akapasha moto vipande vya shaba, akagonga, vikapu vikajaa.

Kesho ndiyo sikukuu, leo tarishi kaingia mbio: Kaisari kapinduliwa na kuuawa, yuko mwingine.

"Huyu naye ana ndevu?" akauliza Tatia.

"Hana."

Madiwani wakashika vichwa. Kuchonga upya, muda hakuna. Kutoa sarafu za aliyepinduliwa, uasi. Papia akachukua kipande cha chuma, akakichonga ncha ikawa tai, mdogo kama punje ya dengu. Akamgonga Kaisari wa zamani shingoni, sarafu moja baada ya nyingine.

"Tai wa Kaisari mpya huyo. Amezikubali."

Madiwani wakaelewa mara moja: kitu kikishapigwa muhuri, nani atauliza?

"Papia, umemtoboa shingo mtu wangu!" akalia Tatia.

"Dada, nisingemtoboa yeye, tungetobolewa sisi."

Tatia akaisogeza sarafu kwenye mwanga ili apate la kulaumu. Hakulipata. Tai alikuwa amekunjua mabawa kama anataka kuruka. Akaona wivu, kisha akacheka.

Liwali akaja, akaigeuza sarafu. "Marehemu hakuwahi kupendeza hivi," akanong'ona. Akamwona tai, akatabasamu. Ruhusa ikabaki Tarmena moja kwa moja.

Basi madiwani wakataka sarafu zijazo, chini ya mungu wa mto, ziwe na jina la aliyeuokoa mji. Nafasi ilikuwa ya jina moja.

"Bila mimi pasingekuwa na ruhusa wala shaba," akasema Menofilo. "Njiwa wa sokoni hawana hata pa kutua."

"Bila mimi zingeyeyushwa, na sisi pamoja nazo," akasema Papia.

"Bila mimi liwali angeshika vipande vya shaba visivyo na uso," akasema Tatia.

Baraza likabishana hadi chakula cha mchana, likaazimia kwa kauli moja: fundi achonge jina linalostahili.

"Lipi?" akauliza Tatia.

"Baraza limeshafungwa, mama," akajibu karani.

Tatia yuko karakanani. Muhuri mpya uko mbele yake, patasi mkononi. Anadai yeye, anahukumu yeye, na chuma kikishachongwa hakifutiki. Haya, ninyi mliokaa tu mnasikiliza, msimwachie peke yake: achonge jina la nani?