Farasi wa Mvuke na Hodi ya Nyati

Hapo zamani za kale, kabla bibi yangu mimi hajazaliwa wala hajaanza kufokea watu, wanyama walikuwa na boma lao, na boma lilikuwa na jeshi, na jeshi lilikuwa na jemadari. Jemadari mwenyewe ni Nyati. Shingo nene, pembe pana, na akili sijui alikuwa amemwazima nani.

Asubuhi moja Nyati akawapanga askari mstari akaanza kuwakagua. Akafika kwa Kicheche, akaziba pua.

"Wewe unanuka."

"Ndivyo nilivyozaliwa, mkuu. Adui wakinisikia wanakimbia."

"Hata mimi nakimbia. Toka."

Akafika kwa Kalunguyeye, yule mwenye miiba mgongo mzima.

"Naibu wangu Kifaru analalamika kwamba umemchoma."

"Yeye ndiye aliyenilalia, mkuu. Mimi nilikuwa nimejilalia zangu."

"Unajibizana?"

"Hapana, mkuu. Naeleza."

"Basi kaelezee porini."

Hapo pembeni alikuwa Nguchiro, mwanamke mwembamba kama ufito, mdomo umechongoka. Akaguna.

"Mkuu, ukiwafukuza wanaonuka na wanaochoma, vitani utakwenda na nani? Na Kifaru, ambaye mwiba mmoja umemliza?"

"Na wewe toka."

"Kosa langu nini?"

"Mdomo."

Basi wakatoka watatu. Swala na nyumbu waliokuwa wakila nao chungu kimoja wakainama, kila mtu anatazama kwato zake kana kwamba amezipata jana. Msishangae. Ndivyo watu walivyo.

Wangeondoka tu yangeishia hapo. Lakini Nyati akaongeza amri: nyumba ya askari aliyefukuzwa isichote maji kisimani. Na mwaka ule mto ulikuwa umekauka, kisima kilikuwa kimoja tu, na langoni pake wamesimama ngiri wawili wa jeshi. Kicheche hakuwa na mke, Nguchiro hakuwa na mume, ila Kalunguyeye alikuwa na mke na watoto wanne. Watachota wapi? Nyati hakusema. Wakubwa amri zao huishia njiani.

Wakatembea. Tk, tk, tk, Kalunguyeye nyuma, anahesabu.

"Mtungi nimeuacha nusu," akasema. "Watoto wanne na mama yao. Hiyo ni siku mbili."

"Usihesabu," Kicheche akamwambia.

"Nisihesabu, maji yataongezeka?"

Wakalala porini, na kesho yake jua lilipopanda wakaona moshi mweupe unafuka bondeni. Nguchiro akafurahi.

"Kuna watu wanapika."

Wakashuka mbio. Kumbe hapakuwa na jiko wala sufuria. Palikuwa na chemchemi ya maji moto, tope linachemka polepole, bwaku, bwaku, bwaku, na mvuke umesimama juu yake kama ukuta. Kicheche akaonja maji akatema. Magadi matupu.

"Hata hivyo tupige hodi," akasema Nguchiro. "Kwa mtu hupiti tu."

"Kwa mtu gani? Huu si mvuke?"

"Hodi hailipiwi. Hodi!"

Mvuke ukajibu. Sauti ilitoka ndani, nzito, ya mtu aliyelala sana.

"Nani?"

Kicheche akaruka nyuma. "Ni sisi," akasema.

"Sisi nani?"

"Si sisi hapa."

Mvuke ukaanza kutawanyika, fuuu, kama mtu anayefunga mlango polepole. Nguchiro akamsukuma Kicheche pembeni.

"Mimi ni Nguchiro. Nimefukuzwa jeshini kwa sababu ya mdomo. Nina njaa, na hawa wenzangu wana njaa, na huyu mmoja ana watoto wanaokaribia kukosa maji."

Mvuke ukaacha kutawanyika. Kisha ile sauti ikasema, "Karibu."

Na mvuke ukajikusanya. Ukapata kichwa, ukapata shingo, ukapata miguu minne, akasimama farasi mweupe, manyoya yake yamelowa, anapumua.

"Mimi ni Manyunyu," farasi akasema. "Watu wanakuja hapa, wanatazama, wanatupa mawe, wanaondoka. Hajapita mmoja aliyepiga hodi akasema ni nani. Panda."

"Nina maneno mengi, nakuambia mapema."

"Sisi tumekaa kimya mno. Ongea."

Kicheche akasogea, mkia ameubana miguuni. Alikuwa ameona haya, maana ni vigumu kusema aibu yako mbele ya mtu usiyemjua. Lakini akasema. "Hodi. Mimi ni Kicheche. Ninanuka."

Akatoka farasi wa pili, jina lake Fukuto, akacheka mpaka mvuke ukamtoka masikioni.

"Chemchemi hii inanuka mayai viza tangu dunia iumbwe. Wewe nani atakusikia? Karibu."

Akabaki Kalunguyeye. Alisimama mbali.

"Hodi. Mimi ni Kalunguyeye. Lakini mimi nakuja kusalimia tu, sipandi. Nina miiba. Tangu niote miiba hii hata mama yangu alinishika kwa kitambaa."

Farasi wa tatu, Umande, akainamisha shingo mpaka chini. "Mvuke hauchomeki," akasema. "Karibu, kaa vizuri."

Kalunguyeye akapanda. Akakaa. Akalala kifudifudi kwenye shingo ya yule farasi, na wenzake wakatazama pembeni wakamwacha.

Sasa wakatambua wana farasi wasio na mfano. Wakisema twende, hao, vuuu, majani hayainami. Ila Manyunyu akawaonya: "Mbali na mvuke wetu hatufiki. Bomani na kurudi tunaweza. Tukizidi hapo tunapotea hewani." Kwa hiyo hawakuweza kwenda nchi nyingine kutafuta maji. Kisima ni kile kile cha Nyati.

Wakaenda bomani, mchana kweupe. Mke wa Kalunguyeye alikuwa mlangoni, mtungi umepinduliwa unakauka juani. Akamtazama mumewe juu ya farasi mweupe.

"Umeleta maji au umeleta farasi?"

"Mama watoto, mtungi si ulikuwa nusu?"

"Ulikuwa nusu. Mdogo kaupiga teke. Tangu jana wanalamba umande wa majani, na hapa umande umekauka. Hebu mwangalie yule."

Yule mdogo alikuwa amekaa kivulini, midomo imepasuka, halii. Mtoto mwenye kiu akiacha kulia, hapo ndipo pa kuogopa.

Habari za farasi zikamfikia Nyati. Akaja, gdu gdu gdu, na Kifaru nyuma yake, na askari wake. Akawaona wale farasi, macho yakamtoka.

"Hao ni wangu," akasema.

"Tangu lini?" Nguchiro akauliza.

"Tangu nilipowaona. Nipeni, na watoto wa huyu watakunywa. Mkininyima, ngiri hawaondoki kisimani."

Kalunguyeye akashuka pale pale. "Mchukue," akasema. "Mchukue wangu, mkuu, sasa hivi. Mtoto anywe."

"Ngoja, mwenzangu," akasema Nguchiro.

"Singoji. Wewe huna mtoto."

"Ngoja, nakuambia. Mvuke haukabidhiwi kama jembe." Akamgeukia Nyati, akalainisha sauti, akapiga na goti. "Mkuu, farasi hawa hawachukuliwi bomani. Wanapandiwa kwao, chemchemini. Twende sasa hivi, si mbali. Ukimpanda mmoja wao, wote watatu ni wako, na sisi tutawachania hata manyoya. Ukishindwa kuwapanda, kisima kinakuwa cha wote."

Nyati akacheka. "Nishindwe kupanda farasi? Mimi?"

"Tuseme tu, mkuu. Askari wasikie."

"Wasikie! Nikishindwa, kisima ni cha wote."

Wakaondoka. Njiani Kalunguyeye alikuwa anatetemeka kwa hasira, miiba inagongana, cha-cha-cha.

"Unacheza kamari na koo la mwanangu."

"Nacheza na kichwa cha Nyati," Nguchiro akamnong'oneza. "Hicho nakijua kuliko yeye."

Walipofika, farasi wakarudi kuwa mvuke, kimya, bwaku, bwaku. Nguchiro akasimama mbele ya jeshi zima.

"Mkuu, sitakuficha. Unapiga hodi. Atakuuliza nani. Unataja jina lako na unasema ukweli wako. Akisema karibu, unapanda. Basi, siri yenyewe ni hiyo."

Kicheche akamvuta mkia. "Umemwambia yote."

"Yote," akasema Nguchiro. Kisha akamsogelea Nyati sikioni, kwa sauti ambayo jeshi zima lilisikia. "Ila hilo la kutaja jina ni la sisi watu wadogo, maana sisi nani anatujua? Wewe, mkuu, nchi nzima inakujua. Nani atathubutu kukuuliza mara mbili?"

Nyati akavimba shingo. Akasogea.

"Hodi." Alisema kama mtu anayetema ganda la muwa.

"Nani?" mvuke ukauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi. Huoni?"

Mvuke ukatulia kidogo, kichwa cha farasi kikaonekana, mgongo ukaonekana. Nyati akaona amekubaliwa. Akaruka juu na uzito wake wote.

Fuuu. Farasi hayupo. Chubwi, Nyati ndani ya tope mpaka magotini. Tope lenyewe si la kuunguza, ni la kuadhiri.

"Nimeteleza tu," akasema, akajivuta nje. "Hodi."

"Nani?"

"Nimesema mimi."

"Kila anayekuja hapa ni mimi. Nauliza nani."

"Mimi, jemadari, nitaje jina mbele ya mvuke?"

Akaruka tena. Chubwi. Safari hii mpaka tumboni. Askari nyuma wakaanza kukohoa, mnakijua kile kikohozi cha watu wanaozuia kicheko. Nyati akakasirika. Akapiga hodi ya tatu kwa pembe, hakungoja hata kuulizwa, akajitupa. Chubwiii. Vikabaki kichwa na pembe, kama kiti kilichosahauliwa mvuani.

Sasa Kifaru, naibu wake, alikuwa anaangalia. Yeye alijiona mjanja. Akasema moyoni, kumbe ni jina tu. Akasogea, akaisafisha sauti.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi ni Kifaru."

Kalunguyeye akafumba macho. Farasi akaanza kujikusanya, kichwa, shingo, miguu. "Endelea," farasi akasema. "Na ukweli wako?"

"Mimi ni Kifaru, jemadari wa jeshi hili."

Kichwa cha Nyati kikageuka topeni. "Nani?"

"Tangu lini?" farasi akauliza.

"Tangu sasa hivi. Yule si unamwona amezama? Hata nami nilikuwa nasubiri siku nyingi."

"Siku nyingi?" Nyati akanguruma. "Umekula mezani kwangu, mshenzi wewe, kumbe unasubiri?"

Kifaru hakujali, alikwisha kuruka. Fuuu. Na alipoanguka, akaanguka juu ya mkubwa wake, puu. Hapo ikawa vita. "Ondoka juu yangu." "Ondoka chini yangu." Pembe kwa pembe, tope linaruka, na kadiri walivyogombana ndivyo walivyozidi kuzama. Nyumbu mmoja akashindwa kukohoa, akacheka waziwazi, na jeshi zima likafuata.

Nguchiro hakucheka. Alikuwa anamtazama Kalunguyeye, naye Kalunguyeye alikuwa anaitazama njia ya bomani.

"Mkuu," Nguchiro akasema ukingoni, "umeshindwa. Toa amri ya kisima, farasi wetu wawatoe."

"Kifunguliwe," Nyati akasema, tope mdomoni.

"Ngiri watauliza nani kasema."

"Waambie mimi."

"Mimi nani, mkuu?"

Nyati akamtazama. Akatazama askari wake, akamtazama Kifaru anayepumua sikioni pake. Tope likapiga bwaku. Kisha akasema, polepole, hata sauti ikawa si ile yake ya siku zote.

"Mimi ni Nyati. Nimekwama. Nilisema nyumba za watu zisipate maji, na sikufikiria watachota wapi. Kisima kifunguliwe kwa wote."

Mvuke ukajikusanya mbele yake. Manyunyu akatoka mzimamzima, akainama mpaka pua zao zikakaribiana.

"Hayo ndiyo niliyokuwa nakuuliza tangu ulipofika," akasema. "Karibu. Shika mkia wangu, nikuvute."

Wakamvuta, na Kifaru naye wakamvuta, ingawa mimi ningemwacha alale humo hata wiki. Kupanda hakuna aliyepanda. Walikuwa wazito kwa matope, na haya ilikuwa nzito zaidi.

Kalunguyeye hakungoja kuona. Alikuwa juu ya Umande, vuuu, ameshafika kisimani. "Nyati kasema," akawaambia ngiri, na swala waliomfuata mbio wakashuhudia. Mkewe akachota kwa kata. Wakamwinua yule mdogo, wakamdondoshea matone mdomoni, moja, la pili, la tatu. Akameza. Kisha akaishika kata mwenyewe kwa mikono miwili, akanywa mpaka akapata kwikwi, halafu akaanza kulia kwa sauti kubwa, anataka tena.

Mama yake akakaa chini hapo hapo kwenye matope ya kisima. "Lia," akamwambia. "Lia, baba."

Yangu yamekwisha, na aliyesinzia asiniombe nirudie. Funzo ni hili: ukibisha kwa mtu ukaulizwa nani, sema jina lako na ukweli wako, maana hiyo "mimi" kila mtu anayo.