Konokono wa Mwezini

Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Wahenga walituonya tusiutupe mkeka wetu mkuukuu kwa kuuona msala wa mpita njia, kwa maana mpita njia huondoka nao. Onyo hilo mhandisi mmoja, ambaye wenzake walimwita Chapuchapu, alilisoma tangu shule ya msingi na kupata alama zote. Kulifuata ndiko kulikomshinda.

Chapuchapu na mwenzake waliunda itifaki, yaani kanuni ambazo mitambo hufuata inapopelekeana ujumbe, ya kutumika kati ya Mwezi na Dunia. Huko angani mawasiliano hukatika ovyo: setilaiti ikizama nyuma ya Mwezi, kimya. Kwa hiyo walishika kanuni moja: usifute ulichotuma mpaka upate stakabadhi kwamba kimefika. Itifaki yao ilikuwa salama, ila ilijikokota, na ofisi nzima ikaibandika jina la Konokono. Mwenzake naye ndivyo alivyokuwa. Hata akikutia kalamu mkononi, lazima aulize, "Umepokea?" Basi jina likamganda: Bwana Umepokea.

Majaribio yalikaribia, nayo ndiyo yangeamua kama kazi yao ya miaka sita itapanda chombo cha angani au itaishia kabatini. Hapo akaja mtaalamu mgeni, viatu vinang'aa, maneno matamu kama asali. Alileta itifaki yake, Radi, iliyotuma ujumbe na kuufuta papo hapo. Kasi yake iliwaacha watu vinywa wazi. Chapuchapu akaingia mzimamzima.

"Dada, usiifute Konokono," Bwana Umepokea alimsihi.

"Kaka, watu wanakimbia! Wewe baki na konokono wako," alijibu huku akicheka, akaifuta kwenye mitambo yote.

Siku ikawadia. Mlango wa chumba kilicho mwisho wa korido uliandikwa Mwezini, wa chumba cha mwanzo Duniani. Setilaiti ilikuwa kitoroli cha chai kilichofungwa redio, kikisukumwa huku na huko. Mwenyekiti wa jopo la kuamua majaribio, mama mcheshi, alipigwa picha Mwezini. Radi ikairusha kitorolini kufumba na kufumbua, ikafuta nakala. Kitoroli kikaja mbio, kikagonga ndoo ya kudekia, redio ikazimika na kujiwasha upya ikiwa tupu kama debe. Duniani kioo cha kompyuta kilibaki cheusi.

Chapuchapu alimgeukia mgeni. Mgeni alikuwa anafunga mkoba.

"Samahani, nina kikao kwingine," akasema, akaondoka na Radi yake.

Chapuchapu alikigeukia tena kile kioo cheusi. Miaka sita, na ameifuta kwa mkono wake mwenyewe! Nusura aangue kilio mbele ya jopo.

"Dada," Bwana Umepokea akamnong'oneza, "hiyo Radi, uliwahi kunipa stakabadhi kwamba inafanya kazi?"

"Sikukupa."

"Sasa mimi ningefutaje nakala ya Konokono kwenye kompyuta yangu?"

Chapuchapu alimkumbatia nusura amwangushe. Aliomba nafasi moja zaidi, jopo likamkubalia, nao wakairudisha Konokono mitamboni.

"Ila ndoo iacheni palepale," mwenyekiti akaagiza.

Kitoroli kikaigonga tena, redio ikazimika tena. Lakini safari hii Mwezini hakikufutwa kitu. Mtambo ulipokosa stakabadhi, ulingoja kitoroli kirudi, ukatuma upya, na mara hii kitoroli kikaikwepa ndoo. Polepole, mstari baada ya mstari, kioo cha Duniani kikaonyesha paji la uso, kisha macho yaliyofumbwa, kisha mdomo uliofunguka pima nzima: mwenyekiti akipiga miayo. Watu wakaangua kicheko, na mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Konokono apande chombo," akaamua huku akijifuta machozi.

"Umepokea?" Bwana Umepokea akamuuliza Chapuchapu.

"Nimepokea, kaka. Na sifuti tena."

Kweli wahenga hawakukosea: usiache mbachao kwa msala upitao.